Ng'ombe wa Udongo

Mhadhara kwa wazazi, walimu na kamati za shule, Kalemela, Wilaya ya Busega, Mkoa wa Simiyu

Mwangaluka!

Akina mama mmeitikia vizuri. Upande wa akina baba umeitikia kama watu walioitwa kwenye mchango. Tulieni, leo sikuja na daftari la michango.

Ndugu mwenyekiti, walimu wenzangu, wazee wangu, nanyi akina mayu, yaani akina mama, mlioacha kazi zenu asubuhi hii: niliombwa nizungumzie yale ambayo watoto wetu wa shule ya msingi wanajifunza, yanayowafurahisha, na wanayoyatengeneza kwa mikono yao. Mambo matatu. La kwanza lina wasemaji wengi. Hakuna mkutano wa wazazi usiotaja wangapi wamefaulu na wangapi bado hawajui kusoma. La pili tunalikumbuka mashindano ya UMITASHUMTA yanapokaribia na timu ya kata inahangaika kutafuta jezi. La tatu, katika miaka yangu 34 ya kushika chaki, sikulisikia likitajwa mkutanoni hata mara moja. Kwa hiyo nitaanzia huko. Mkiona nakawia kufika kwenye masomo, nivumilieni, nitafika.

Mbele yangu kuna ungo. Juzi niliwaomba watoto wa majirani, wa darasa la pili hadi la tano, kila mmoja aniletee kitu alichokitengeneza mwenyewe, bila kununua chochote na bila kusaidiwa na mkubwa. Nilitegemea vitu vitano, sita. Wameleta mpaka nikaazima ungo wa pili.

Huu ni mpira, chandimu. Zamani ndani yake mngekuta mifuko ya plastiki iliyoviringishwa. Mifuko ile ilipigwa marufuku Juni 2019, na huyu fundi, ambaye siku hizo hata shule alikuwa hajaanza, amejaza matambara na vipande vya sandarusi, akafunga kwa kamba ya katani. Ukiudundisha haudundi sana, lakini kwa uwanja wenye mawe mpira usiodunda sana ndio mzuri. Alinieleza hivyo yeye mwenyewe. Huyu ni mwanasesere wa gunzi, nywele zake ni ndevu za hindi lenyewe, na ana mtoto mgongoni, gunzi dogo zaidi. Hii ni filimbi ya bua la jani la mpapai; imekwisha kunyauka, haitoi sauti tena, ila jana ilinisumbua sana. Gari la mabua ya mtama. Manati, ambayo nimeipokea kwa mashaka kwa sababu mwenye kioo kilichovunjika naona yuko hapa.

Na hawa ng'ombe saba wa udongo.

Ningeomba wazee mnaojua mifugo muwatazame kwa karibu. Dume lina nundu, na nundu imekaa pale inapotakiwa, juu ya mabega. Haikuwekwa katikati ya mgongo kama ngamia wa kwenye picha. Jike ana kiwele. Pembe za huyu zimeachana, za yule zimeinama mbele, na mtoto aliyewafinyanga alinitajia ng'ombe halisi wa kwao wenye pembe hizo. Halafu kuna ndama huyu, kichwa chake kimegeuka upande. Nilidhani kimepinda wakati wa kukauka. Nikamwambia mwenyewe, mtoto wa darasa la tatu, "Huyu wako ameharibika shingo." Akanitazama kwa huruma. "Hajaharibika, mwalimu. Anamtafuta mama yake."

Nilimuuliza udongo aliutoa wapi. Hapo ndipo nilipopewa somo, nami nikakaa kitako. Udongo wa mbugani, alisema, ule mweusi, unanata vizuri lakini ukikauka unapasuka, miguu inakatika. Luseni haufai kabisa, ni mchanga, haushikani. Ibambasi ni mgumu, utautwanga mpaka uchoke. Yeye huchukua wa kichuguu, anauchanganya na kidogo cha mbugani, anaukanda kama ugali, halafu ng'ombe wake hawaaniki juani. Anawaweka kivulini siku mbili kwanza, "ili maji yatoke polepole".

Wataalamu wa udongo wa enzi za Mwingereza walipokuja kupima ardhi ya Usukuma, wenye elimu zao na darubini zao, waliandika katika ripoti zao majina haya haya: luseni, ibambasi, mbuga. Hawakupata mengine bora. Mkulima wa hapa alikuwa ameshaugawa mteremko mzima, kutoka kilimani hadi bondeni, kwa jina na kwa kazi: huku viazi na mihogo, kule pamba, pale chini majaluba ya mpunga. Mtoto huyu anayajua hayo kwa vidole. Na mwaka jana, mama yake ananiambia, alipata alama za chini kwenye swali la aina za udongo. Aliulizwa ataje aina tatu, akaandika luseni, ibambasi na mbuga. Kitabu kinasema kichanga, tifutifu na mfinyanzi. Akapewa sifuri.

Simlaumu mwalimu aliyesahihisha. Ana majibu kwenye karatasi na ana madaftari 90 mezani. Mimi mwenyewe ningeweka mkasi pale pale, tena kwa wino mwekundu. Lakini tukubaliane kwamba siku ile mtoto alijibu swali, ila sisi hatukuwa na njia ya kulisikia jibu.

Wazee wangu, mnaijua hadithi ya Masala Kulangwa. Wadogo waliopo hapa huenda hawaijui, maana jioni siku hizi zina simu. Ina sura nyingi. Mimi nilisimuliwa hivi. Zimwi Shing'weng'we lilimeza watu wote na mifugo yote. Akabaki mwanamke mmoja mjamzito aliyejificha kwenye makapi. Akajifungua mtoto wa kiume, akakua, akauliza: watu wako wapi, baba yangu yuko wapi? Mama akamwambia, wamemezwa na Shing'weng'we. Mtoto akatoka kwenda kulitafuta, na hajui linafananaje. Akakamata panzi, akarudi naye kwa shangwe: mama, ndilo hili? Mama akasema hapana, mwanangu, kubwa kuliko hilo. Akaenda tena, akaja na ndege. Hapana, kubwa zaidi. Akaja na mnyama. Hapana. Akaenda, akaja, akaenda, akaja, mpaka siku alipolikuta lenyewe, akaliua, akalipasua tumbo, watu wakatoka. Na alipokuwa akipasua akamkata bibi mmoja sikio kwa bahati mbaya, na yule bibi, badala ya kushukuru, akamgeuzia hasira. Watoto hucheka sana hapo. Kila kijiji kina bibi wa namna ile.

Watu wengi wanapoisimulia wanakimbilia lile tumbo kupasuliwa. Mimi uzeeni nimekuwa nikisimama kwenye panzi. Mtoto ameleta panzi akidhani ni zimwi. Amekosea, tena vibaya mno. Mama hakumcheka. Hakumwambia mtoto wa fulani ameshaleta mnyama. Hakushika fimbo. Alimwambia kitu kimoja tu, kubwa zaidi, na kijana akapata mahali pa kuanzia safari inayofuata. Angechapwa kwa panzi yule asingetoka tena nyumbani, na watu wangekuwa tumboni hadi leo. Ndani ya jina Masala Kulangwa kuna akili na kuna kufundishwa, na wahenga wetu walimpa jina hilo mtoto aliyeanza kwa kukosea.

Sasa twende darasa la kwanza, maana niliahidi kufika kwenye masomo.

Mtoto wa Kalemela anaingia shuleni na Kisukuma chake. Kiswahili amekisikia redioni, stendi na kwa wauza dagaa, lakini ndoto anaziota kwa Kisukuma. Kisukuma hakina sauti ya R. Kwa hiyo mtoto anasoma karamu kwa sauti na darasani inasikika kalamu. Kwake ni neno moja. Sikio lake halijawahi kutakiwa kuyatenganisha maneno hayo. Nimeona watoto wakipigwa kwa hilo. Mimi nilimpiga mmoja, mwaka wangu wa pili wa kazi, na hadi leo nikikutana naye gulioni mimi ndiye huwa wa kwanza kumwamkia. Kumbe njia ilikuwepo, tena ya mchezo. Weka vitu viwili mezani, kalamu na picha ya watu wanaokula pilau, kundi likimbilie kitu kilichotajwa. Katika wiki mbili masikio yanafunguka. Na mtoto huyu asichojua ni kwamba ana utajiri ambao wenzake wa Pwani hawana. Mwanzo wa neno ng'wana, ule unaotajwa mara moja bila kukata pumzi, mwambieni mtu wa Tanga autamke, mtacheka mpaka jioni.

Masomo yenyewe si mabaya, na niseme hili kwa sababu kuna mtindo wa kulaumu mtaala kwa kila kitu. Mtaala mpya ulioanza Januari 2024 umeweka mkazo wa kusoma, kuandika na kuhesabu kwa madarasa ya chini, na kuanzia darasa la tatu kuna Sayansi, Hisabati, Kiswahili, Kiingereza, Jiografia na Mazingira, Historia ya Tanzania na Maadili, na kuna somo linaloitwa Sanaa na Michezo. Lipo kwenye ratiba, lina kitabu. Ng'ombe wa udongo, kwa maandishi ya Serikali, ana kipindi chake. Tatizo ni kwamba ukipita shuleni saa ya kipindi hicho, mara nyingi unakuta Hisabati. Mtihani umekaribia. Na mtihani kwetu huwa umekaribia kuanzia Januari.

Nami nawauliza walimu wenzangu wa Hisabati, kwa heshima: hivi mdako ni nini? Akina mama hapa wote tumeucheza. Kishimo, kokoto kumi na mbili, na moja ya kurusha juu. Unazitoa zote, unazirudisha ukibakiza moja. Mzunguko wa pili unabakiza mbili mbili. Wa tatu, tatu tatu. Binti wa miaka minane anajua kwamba ukifika tano tano zitabaki mbili za kukusumbua, na hakuna aliyemfundisha neno baki. Anajua hivyo huku jiwe liko hewani! Isolo ndiyo usiseme. Wazee hawa wanaokaa chini ya mti, safu nne za mashimo, wanahesabu kete bila kuzigusa, wanaona mzunguko utakapoishia kabla mkono haujaanza kutembea. Mjukuu amekaa pembeni anatazama, kete anazozipanga ni mbegu alizookota mwenyewe. Asubuhi anakwenda shule na kuambiwa hajui kugawanya.

Na ekari? Hapa kila mtu anapima shamba la pamba kwa hatua, 70 kwa 70. Mtoto wa darasa la tano akipelekwa uwanjani atembee hatua 70, ageuke, atembee 70 nyingine, halafu azidishe, atapata 4,900, na eneo la mraba halitamtoka kichwani, kwa sababu limemchosha miguu. Kisha aulizwe kwa nini ekari ya baba yake na ekari ya jirani mwenye miguu mirefu hazilingani. Hapo darasa litachangamka mpaka mwalimu mkuu aje kuuliza kuna nini.

Nilipata kumkosea mtoto mwingine, nami nataka kulisema mbele yenu. Shule siitaji. Nilikuwa nafundisha darasa la sita, mada ya duara: kipenyo, nusu kipenyo, mzingo. Mvulana mmoja nyuma alikuwa anashughulika chini ya dawati. Nikamfuata, nikamkuta na gari la waya. Nikalinyakua, nikalifungia kabatini, nikaendelea na mzingo. Mwisho wa muhula nikifungua kabati nafuta vumbi, gari likaangukia miguuni pangu, nikaliangalia kwa mara ya kwanza. Ekseli ilikuwa spoku ya baiskeli. Magurudumu manne yalikatwa kwenye soli ya kandambili, yanalingana kama yamemwagwa na mashine. Usukani ulikuwa fito ndefu, ukiizungusha magurudumu ya mbele yanageuka kweli. Nikamwita. Nikamuuliza, uliwezaje kuyalinganisha haya? "Nilifuatisha kopo la dawa ya ng'ombe, mwalimu." Na katikati ulipataje? Akachukua kamba yenye urefu wa kipenyo cha gurudumu, akaikunja katikati, akaniwekea juu ya gurudumu, akaonyesha pale inapokunjika. Nusu kipenyo. Nilikuwa nimeifungia kabatini miezi miwili huku nikipiga kelele ubaoni kwamba darasa hili halielewi.

Nikamrudishia. Alikuwa ameshatengeneza jingine.

Vijana wa leo wanadhani mawazo haya ni ya juzi. Machi 1967 Mwalimu Nyerere alitoa waraka wake wa Elimu ya Kujitegemea, na mle alisema wazi kwamba shule ya msingi iwe elimu iliyokamilika yenyewe, isiwe foleni ya kusubiri sekondari, maana wengi wa watoto wangeishia pale. Alitaka shule iwe na shamba, na alitaka wanafunzi washiriki kupanga na kuamua, waone matunda ya jasho lao na wabebe pia hasara ya uvivu wao. Mimi nilisoma katika miaka ile. Shamba tulikuwa nalo, la pamba. Tulipalilia, tulichuma, tukatenga pamba safi na fifi, tukang'oa maotea. Lile la kupanga na kuamua ndilo halikufika. Pamba yetu ilibebwa kwenda mizanini na sisi tukarudi darasani kufanya hesabu za kilo za machungwa ya mtu anayeitwa Ali. Hakuna aliyetuambia kilo zetu zilikuwa ngapi. Hesabu tamu kuliko zote katika mwaka mzima, ya jasho letu wenyewe, ilifanyiwa ofisini. Ndiyo maana neno kujitegemea likitajwa mbele ya watu wa rika langu wengi wanakumbuka jembe tu, na mkoa huu unaoongoza nchi nzima kwa pamba bado una watoto wanaochuma pamba bila kuwahi kuigeuza kuwa swali la hesabu.

Baadaye, Novemba 1974, Azimio la Musoma, ambayo si mbali na hapa, likataka kila mtoto wa umri wa shule aingie darasani. Madarasa yakajaa. Yakajaa tena ada ilipofutwa mwanzoni mwa miaka ya 2000, na yakajaa zaidi Januari 2016 elimumsingi ilipokuwa bila malipo. Najua kuna mwalimu hapa anayejiuliza: huyu mama anasema mambo mazuri, lakini nina watoto mia moja kwenye chumba kimoja, ng'ombe wao wa udongo nitawaweka wapi?

Mwalimu, una haki. Udongo hautajenga darasa, na sitaki mtu atoke hapa akidai kwamba nimesema vyumba na madawati si kitu. Mwenyekiti, vyumba bado vinatakiwa. Ila nimefundisha watoto 112 kwa mpigo, na nakuambia kwa uzoefu kwamba watoto 112 waliokaa wakinakili ubao wanachosha kuliko watoto 112 waliogawanywa makundi nje, kila kundi na kazi yake. Wanaonakili hunyamaza dakika kumi. Anayetengeneza kitu hana muda wa kumfinya mwenzake.

Kulikuwa na mwalimu mmoja wa Ufaransa, Célestin Freinet, ambaye historia yake hunipa moyo. Alijeruhiwa kifuani katika Vita Kuu ya Kwanza, akarudi kufundisha shule ya kijiji cha Bar-sur-Loup huku pumzi haimtoshi. Hakuweza kupaza sauti mbele ya darasa siku nzima. Basi akawa anawatoa watoto nje, wanatembea kijijini, wanatazama mafundi, wadudu, mto. Wakirudi wanasimulia na kuandika walichokiona. Kisha, katika miaka ya 1920, akanunua mashine ndogo ya kuchapa, watoto wakawa wanapanga herufi na kuchapa maandishi yao wenyewe. Wakayatuma kwa watoto wa shule nyingine ya mbali, nao wakaletewa ya kule. Watoto wa milimani wakasoma habari za bahari zilizoandikwa na watoto wa wavuvi. Yote hayo kwa sababu mwalimu alikuwa hana kifua cha kufoka. Nimewahi kufikiri kwamba wengi wetu tungekuwa walimu bora kama tungepoteza sauti kwa muhula mmoja.

Hapa mashine haihitajiki. Inahitajika karatasi, sindano na uzi. Kila mtoto wa darasa la nne aende kwa bibi au babu yake, alete hadithi moja, aiandike, aichoree picha, zishonwe pamoja liwe kitabu. Kisha kitabu kiende shule nyingine, labda ya Lamadi, ambako watoto wanaishi karibu na lango la Ndabaka na wana habari za tembo wanaotoka Serengeti kuja kula mtama. Au kiende Maswa, ambako vijana walianzisha utengenezaji wa chaki. Mnajua chaki hutengenezwa kwa jasi? Mtoto anaishika kila siku ubaoni, huenda inatoka mkoani kwake, na hajawahi kuambiwa. Watoto wa Maswa wanaweza kuwaandikia wa Kalemela ukurasa mmoja tu: chaki inapikwaje. Hicho ni kitabu cha Sayansi ambacho hakiuzwi dukani.

Nyosheni mikono mliosoma kwa vitabu vya Tujifunze Lugha Yetu. Ee, wengi. Nina hakika nikiwaanzishia shairi moja la mle mtalimaliza wote kwa pamoja, na baadhi mtatoa machozi. Sasa niwaulize mlichojibu kwenye mtihani wa mwisho wa darasa la saba. Kimya. Miaka arobaini imepita, na kilichobaki ni kile mlichokighani na kukiigiza. Wengine mtakumbuka Mama na Mwana ya Radio Tanzania, mlivyokuwa mkikaa kimya kuizunguka redio moja. Wajukuu wenu leo wana katuni za Ubongo Kids, zilizotengenezwa Dar es Salaam, zinazofundisha hesabu kwa nyimbo, na mwenye simu nzuri anaziona. Mimi ni mpenzi wa katuni zile. Lakini mtoto akizitazama anapokea kilichobuniwa na mwingine. Naomba apate na saa ya kubuni cha kwake.

Neno juu ya binti zetu, kisha nimalize. Kati ya vitu vilivyomo kwenye nyungo hizi mbili, vitatu tu vimeletwa na wasichana. Niliwauliza kwa nini. Hawakuwa na maneno mengi: maji, kuni, mtoto wa kubeba. Mvulana akipeleka ng'ombe malishoni amechoka, kweli, lakini ng'ombe wakila yeye ana udongo na ana muda. Msichana akirudi kutoka bombani anakabidhiwa sufuria. Yule mwanasesere wa gunzi mwenye mtoto mgongoni niliuliza alitengenezwa lini. Alitengenezwa njiani, katika kupumzika na ndoo. Wazazi wenzangu, nusu saa. Mpeni nusu saa kwa siku isiyo na ndoo wala mtoto mgongoni, muone ataleta nini.

Na ninyi walimu, kipindi cha Sanaa na Michezo kikifika kiachieni kiwe chenyewe. Ubao mmoja ukutani mwa darasa, umeshikiliwa na matofali mawili, unatosha kuwa rafu ya vitu walivyotengeneza. Mtoto aliyeandika luseni, ibambasi na mbuga asipewe sifuri kabla hajaulizwa anamaanisha nini. Kamati ya shule, shamba likivunwa, watoto wenyewe wasome mizani na waandike kilo ubaoni, watu wazima wakiwa wamesimama nyuma.

Leo jioni kila mmoja akifika nyumbani, kabla ya kuuliza "umekuwa wa ngapi", aombe aonyeshwe kitu kimoja. Hata kama ni panzi.

Vitu hivi narudisha kwa wenyewe sasa hivi, maana walinikopesha tu. Manati ataichukua baba wa mtoto aliyeitengeneza. Huyu ndama nilikabidhiwa kwa sharti kwamba nisimtenganishe na mama yake, kwa hiyo nitawabeba wawili pamoja, na nitawapeleka kwa mkono wangu mwenyewe.